Mchagua Jembe

Methali za Kiswahili haziwapendi watu wanaochagua. Mchagua nazi hupata koroma. Mchagua jembe si mkulima. Hakuna hata moja ninayoikumbuka inayomsifu mtu aliyesimama sokoni akapinduapindua vitu kabla ya kulipa, ingawa kila mwanamke ninayemfahamu hununua nyanya hivyo hivyo. Kwa miaka mingi, kila nilipoulizwa kwa nini sina kadi ya chama chochote, kuna mtu alinitupia mojawapo ya methali hizo, mara nyingi ile ya jembe, na mazungumzo yakaishia hapo. Nilikuwa napiga kura, nasoma magazeti, nabishana kwenye daladala. Kadi ilikuwa mambo ya watu wengine.

Mwaka 2024, miezi michache kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba, jambo hili likanifuata nyumbani. Mtaani kwetu kuna kiwanja cha wazi, kile kipande ambacho mitaa mingi ya Dar es Salaam ilikuwa nacho zamani na sasa haina. Watoto wanachezea, jioni anakaa mama wa mihogo ya kukaanga, na ukitokea msiba mkubwa ndipo tunapofunga maturubai. Asubuhi moja tukakuta bikoni nne zimechimbiwa. Hakuna aliyeona zikichimbiwa. Tulipouliza tukaambiwa suala linashughulikiwa, na mnaoishi mjini mnajua maana yake. Wiki ile ile mama wawili wa jirani na mzee mmoja mstaafu wa reli wakaja kukaa barazani kwangu.

"Mama Imani, wewe unajua kuandika," mzee akaanza. "Chukua fomu ya uenyekiti wa mtaa."

Kujua kuandika ndiyo sifa pekee niliyo nayo mtaani. Kazi yangu ni kusahihisha miswada ya vitabu kabla haijapelekwa kuchapwa, na majirani huniletea barua za maombi ya kazi, risala za harusi, hata meseji za kudai madeni, niziweke sawa. Nikamwambia mzee kwamba sina chama.

"Si unachukua tu," akadakia mmoja wa wale mama. "Kwani kadi bei gani?"

Kwa msomaji wa nje ya Tanzania niseme kwa ufupi: kwetu huwezi kugombea nafasi yoyote, kuanzia urais mpaka uenyekiti wa mtaa, bila kuwa mwanachama wa chama cha siasa na kudhaminiwa nacho. Mgombea binafsi hayupo. Siyo kwamba hakuna aliyejaribu. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka suala hili mahakamani mwaka 1993, na mwaka uliofuata Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu akampa ushindi. Kabla mwaka haujaisha, Bunge likabadili Katiba kuufunga mlango uliokuwa umefunguliwa. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge, siyo la majaji. Akavuka akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo kwa bahati ina makao yake Arusha kwa hiyo hakuvuka mpaka wowote, na tarehe 14 Juni 2013 ikaamua kwamba Tanzania inavunja haki kwa kumlazimisha raia kuwa na chama ndipo agombee. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari mwaka 2015. Sharti la chama lipo pale pale.

Kinachonivutia kwa Mtikila ni kwamba mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa chama, tena alichokianzisha yeye. Na hata hicho hakikumwenea. Sheria inataka chama kiwe na wanachama pande zote mbili za Muungano ndipo kisajiliwe kwa kudumu. Mtikila alikuwa anataka Tanganyika yake, kwa hiyo kwa miaka mingi chama chake kilikaa bila usajili, kwa sababu kusajiliwa kulimaanisha kukubali kitu alichoanzisha chama ili akipinge. Ukitaka kujua ugumu wa kupata chama kinachokufaa, mtazame mtu aliyekishona mwenyewe na bado kikambana mabegani.

Sasa mimi naamini nini? Usiku ule, baada ya wageni kuondoka, nilichukua karatasi nikajaribu kuandika. Kwenye maji, ardhi na shule mimi ni mjamaa, tena wa zamani. Hayo matatu sitaki kuyaona sokoni. Kwenye kusema na kuandika ni mliberali asiye na breki. Kwenye biashara ndogo ndogo, ya mama wa mihogo na kijana wa mitumba, naomba serikali ipite njia nyingine iwaache. Kwenye Muungano niliisoma rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilipotoka mwaka 2013 nikaona serikali tatu ni jambo la akili. Kwenye Kiswahili ni mhafidhina, lakini hilo halina chama. Nilipomaliza nikaitazama ile karatasi nikacheka peke yangu. Chama kinacholingana na karatasi ile kipo, kina mwanachama mmoja, na hata yeye angeitisha kikao asingefika kwa wakati.

Nikafanya linalofanywa na watu wa kazi yangu: nikasoma. Nchi ina vyama karibu 20 vyenye usajili, na ukiondoa vile ambavyo ofisi yake ni namba ya simu, bado vinabaki vya kukutosha kusoma wiki mbili. Niseme ukweli wangu kama msahihishaji: ilani ni aina ya fasihi iliyodharauliwa bila haki. Zimejaa vitenzi vya wakati ujao. Tutajenga, tutahakikisha, tutaimarisha. Wahusika hawana sura. Lakini ukisoma kwa makini unaona chama kinaogopa nini, kwa sababu pale kinapoogopa sentensi inarefuka.

Nikaona pia jinsi historia ilivyovichanganya vyama vyetu mpaka majina na maudhui hayajuani. CCM bado inaandika ujamaa na kujitegemea kwenye katiba yake, na Katiba ya nchi nayo inautaja ujamaa, wakati masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha yaliwekwa kando Zanzibar mwaka 1991. CHADEMA ilianzishwa na Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, ambaye alijiuzulu uwaziri wa fedha mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Chama cha watu wa soko huria, kwa asili yake, ambacho leo kwenye vijiwe kinapendwa na vijana ambao ukiwauliza wanataka nini watakutajia mambo ya ujamaa mtupu. ACT-Wazalendo ikaja mwaka 2015 na Azimio la Tabora, ikiuchukua ujamaa ule ambao wenyewe walikuwa wameuacha uvunguni. Yaani ukichagua kwa itikadi peke yake unaweza kujikuta umemchagua babu wa chama na siyo chama.

Basi nikaacha karatasi nikaenda kuwaona watu. Historia naweza kuitaja kwa majina, lakini matawi ya mtaani kwetu nitayaacha bila jina. Wale ni majirani zangu, nawaazima jiko la mkaa.

Tawi la kwanza lina jengo, bendera mbili, na viti vya plastiki vilivyopangwa. Katibu alinipokea vizuri sana. Hakuniuliza naamini nini. Aliniuliza baba yangu alikuwa na kadi namba ngapi. Nilipomweleza habari ya kiwanja, akasema wagombea wako kwenye foleni, wengine tangu uchaguzi uliopita, na kwamba mimi ni mtu mzuri, nianze kwa kuhudhuria. Sikuona ubaya wowote katika hilo. Foleni ni foleni. Ila nilikaa kwenye mkutano wao mmoja wa ndani kama mgeni. Bibi mmoja akanyoosha mkono, akasema jambo la bikoni lisemwe waziwazi humu humu, kwa sababu wajumbe wanajua. Mwenyekiti akamshukuru kwa mchango wake, akaita ajenda inayofuata. Bibi akakaa akajifunga khanga vizuri. Hakuna aliyemzomea, hakuna aliyemjibu. Nilimtazama mpaka kikao kilipokwisha na hakunyoosha mkono tena.

Tawi la pili nilikwenda kwa sababu ya ilani yake, ambayo ndiyo iliyokaribiana zaidi na karatasi yangu. Ningesema nakubaliana nayo kwa manane kati ya kumi, na hayo mawili tungeelewana. Mwenyekiti wa tawi ana kibanda cha kuchaji simu na kutoa kopi. Ndiye mwenyekiti, katibu na mhamasishaji. Nilipojitambulisha akafunga dirisha la kibanda, akanitolea kiti, akaniagizia soda, na tukazungumza saa mbili nzima juu ya ardhi, juu ya Zanzibar, juu ya vitabu. Alikuwa amesoma *Kusadikika* zaidi ya mara moja na alikuwa na hoja yake, kwamba Karama asingefika popote kama kesi yake isingesikilizwa na mfalme aliye tayari kubadilika, kwa hiyo Shaaban Robert alituandikia tumaini bila kutuandikia njia. Sijawahi kufurahia mazungumzo ya siasa kiasi kile. Mwishoni akasema kwa furaha kabisa, "Dada, ukijiunga tutakuwa wawili. Ugombee wewe, mimi niwe wakala."

Nilirudi nyumbani nikiwaza maneno hayo. Fomu ningeipata kesho yake. Hakuna kura za maoni, hakuna foleni, hakuna wa kubishana naye. Ningekuwa mgombea safi kabisa. Na kiwanja kingeuzwa huku mimi na yule kaka tukiendelea kuelewana.

Hebu nikae kidogo kwenye neno lenyewe. Chama, kabla halijawa neno la siasa, lilikuwa neno la ngoma na maziko. Miji ya pwani ilikuwa na vyama vya beni, vya lelemama, vya kuzikana. Uliingia kwa sababu ya shoga yako au mtaa wako, ukalipa kiingilio, ukavaa sare, na siku ya shida watu wakaja. Hakuna aliyekuuliza msimamo wako kuhusu kodi. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kundi la ngoma Dar es Salaam kabla ya kuwa kiongozi wa akina mama wa TANU, na wanawake waliomfuata chamani walikuwa wamekwisha kumzoea ngomani, sauti waliijua. Tunapenda kusimulia kwamba TANU ilijengwa kwa hoja. Ilijengwa kwa hoja, ndiyo, lakini waliozibeba hizo hoja nyumba kwa nyumba walikuwa wanachama wa chama kingine kilichokuwa tayari kinaishi.

Ndiyo maana mama yule aliyeniuliza bei ya kadi hakuwa mjinga. Kwake chama ni hicho: watu watakaofika. Mimi ndiye niliyekuwa nakitafuta kama mtu anayetafuta kitabu.

Lakini Bibi Titi huyo huyo ananizuia nisiishie hapo. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilikataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Yeye alikuwa nazo, na aliona hakuna haki kumnyang'anya mama riziki aliyojijengea. Akajiuzulu uongozi. Katiba ya muda ya 1965 ilikuwa imekwisha kuifanya Tanganyika nchi ya chama kimoja, ASP ikibaki upande wa Zanzibar, kwa hiyo aliyetofautiana na TANU hakuwa na chama cha kuhamia. Alikuwa na nyumbani kwake tu. Miaka michache baadaye alishtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akatoka kwa msamaha mwaka 1972. Kwenye suala la nyumba za kupangisha mimi niko upande wa Azimio, kabisa. Bado najiuliza chama gani kile ambacho mwanamke aliyekiimbia mpaka kikasimama hakuwa na pembe ya kukaa nacho akiwa amekasirika.

Linganisha na Tabora, Januari 1958. Wakoloni walileta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake inaharibika. Karibu kila mtu ndani ya TANU aliuchukia mpango huo. Nyerere aliuchukia, na bado akasimama kwenye mkutano mkuu kuwashawishi waingie. Wakabishana, wakaamua, wakaingia, na wagombea waliokuwa wanaungwa mkono na TANU wakashinda. Zuberi Mtemvu hakukubali. Akatoka akaanzisha African National Congress yake, chama cha msimamo usiochanganywa na maji. Mwaka 1962 akagombea urais dhidi ya Nyerere na hata asilimia 2 ya kura hakufika. Baadaye akarudi TANU.

Nilipokuwa shule, Mtemvu tulifundishwa kwa sentensi moja, kama mtu aliyekosa basi. Siku hizi namfikiria kwa heshima zaidi. Alikuwa na chama kinachofanana naye. Alipata alichokitaka, na ndicho hicho yule kaka wa kibanda cha simu alichokuwa ananipa mimi pamoja na soda baridi.

Nyerere mwenyewe, uzeeni, alifanya kitu kingine ambacho wapenda vitabu tunapaswa kukikumbuka. Mwaka 1994 alichapisha *Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania*, kitabu chembamba chenye hasira, akiwashambulia waziwazi viongozi wakuu wa chama chake juu ya suala la serikali ya Tanganyika. Hakurudisha kadi. Mwaka uliofuata aliwaambia watu hadharani kwamba CCM siyo mama yake. Kwenye hoja ya serikali tatu sikubaliani naye, lakini kitabu nakipenda, kwa sababu ni mwanachama anayegombana akiwa ndani na mlango wazi. Ni kweli pia kwamba yeye alikuwa Nyerere. Horace Kolimba, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa chama hicho hicho, aliposema mwaka 1997 kwamba chama kimepoteza dira, aliitwa Dodoma kujieleza mbele ya vikao, na huko ndiko alikougua ghafla akafariki. Si kila mwanachama ana ukubwa wa kugombana.

Halafu kuna wanaohama. Augustino Mrema alitoka CCM mwaka 1995, NCCR-Mageuzi ikampokea kama mvua, akapata zaidi ya robo ya kura za urais. Miaka minne baadaye alikuwa TLP na NCCR ilikuwa imebaki maganda. Edward Lowassa, aliyejiuzulu uwaziri mkuu mwaka 2008 kwa sakata la Richmond, sakata ambalo wapinzani walilihubiri miaka saba, aliingia CHADEMA Julai 2015 na kupewa bendera ya urais. Dk. Slaa akaondoka. Lowassa akapata karibu asilimia 40, na Machi 2019 akarudi alikotoka. Katikati ya hapo tukapata msemo mpya wa wanaohama, kwamba wanaunga mkono juhudi. Nawaelewa wanaocheka. Ila wakati wa Lowassa nilikuwa na jirani, mwanachama wa siku nyingi, ambaye alimpigia kampeni mtu aliyekuwa amemlaani miaka yote, na nilipomuuliza anajisikiaje akanijibu, "Nimepigiwa kura kwenye kikao, nimeshindwa." Hakuwa na furaha. Lakini alisema *nimeshindwa*, hakusema nimebadili mawazo, na tofauti ya maneno hayo mawili ilinikaa kichwani miaka tisa.

Nayo ndiyo niliyoenda nayo kwenye tawi la tatu.

Hawa hawana jengo. Wanakaa chini ya mwembe, kando ya kijiwe cha bodaboda, na wengi wao ni vijana. Ilani yao nilikuwa nimeiwekea alama nyingi nyekundu. Kwenye ardhi na uwekezaji tuko mbali. Kijana mmoja aliniuliza kabla sijakaa, "Mama, uko tayari kulala ndani?" Nikamwambia nina presha, nitalala ndani kama kuna dawa zangu. Wakacheka, nikapewa kiti.

Siku ile walikuwa wanajadili bikoni. Upande mmoja ulitaka zing'olewe usiku ule ule, wazitupe korongoni, yaishe. Upande wa pili, ukiongozwa na mama mmoja muuza genge ambaye sikujua kama ni mwanasiasa, ulitaka barua yenye majina na sahihi za wakazi ipelekwe manispaa kwanza, ili bikoni ziking'olewa kuwe na karatasi inayosema kwa nini. Walibishana mpaka taa za pikipiki zikawashwa. Yule mama aliitwa mwoga. Naye akamwita aliyemwita mwoga mtoto aliyemfunga nepi. Mwenyekiti, dereva wa bodaboda, alipiga meza mara kadhaa, lakini hakumkata mtu kauli. Wakapiga kura kwa mikono: 11 kwa 9. Barua ilishinda. Yule kijana aliyekuwa anataka kung'oa akasema mbele ya wote kwamba uamuzi ni wa kipumbavu na kwamba kesho asubuhi atapita nyumba za upande wa bonde kukusanya sahihi, kwa sababu huko ndiko anakojulikana. Kisha yeye na yule mama wakakunja viti pamoja, bado wanarushiana maneno.

Nikachukua kadi kwao, wiki ile ile. Mzee wangu wa reli alikasirika. Alidhani nitakwenda kwenye jengo lenye bendera, kwa sababu ndiko muhuri uliko. Kaka wa kibanda cha simu alihuzunika zaidi na sikuwa na jibu zuri la kumpa. Nilimwambia kwamba kwake ningekuwa sahihi kila siku. Akasema, "Na hilo ni kosa?" Mpaka leo tukikutana tunazungumza vitabu tu.

Kuna rafiki yangu, mwandishi, aliyenilaumu kwa ukali. Hoja yake ni nzito nami naiweka hapa: kwamba nimechagua tabia za watu 20 chini ya mwembe nikaacha sera za chama kizima, na chama hicho siku kikipata dola hakitatawala kwa tabia za mwembe wetu, kitatawala kwa ilani ile niliyoitia wino mwekundu. Ni kweli. Jibu langu ni kwamba sera nazo hazikai. Nimeona ujamaa ukihama chama, nimeona soko huria likivaa gwanda, nimeona mtuhumiwa akigeuka mgombea. Kilichokaa kwa muda mrefu kuliko ilani, katika kila chama nilichokisoma, ni namna kinavyomtendea aliyeshindwa kura ndani yake. Nikiingia mahali ambapo aliyeshindwa anaendelea kuhesabiwa, nina nafasi ya kuibadili ilani. Nikiingia penye ilani nzuri na mkono wa bibi haujibiwi, siku ilani ikibadilika sitakuwa na la kufanya. Rafiki yangu anasema huo ni ushairi. Haya.

Kura za maoni nilishindwa. Dereva wa bodaboda alinipita kwa kura 3. Sikulia, alikuwa ananizidi kujulikana, na kusema kweli alikuwa ananizidi sauti. Nikakaa naye jioni mbili tukijaza fomu yake ya kugombea, neno kwa neno, kwa kalamu moja. Kama kuna kazi ninayoiweza duniani ni kuona herufi iliyokosewa, na fomu ile haikuwa nayo. Akaenguliwa. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kwamba fomu haikujazwa ipasavyo. Tukakata rufaa, ikagonga ukuta. Nchi nzima, matokeo yalipotangazwa, CCM ilipewa zaidi ya asilimia 98 ya mitaa, na wetu ukiwemo. Bikoni zile nne bado zipo. Barua yetu yenye sahihi 212 ilipokelewa manispaa na kugongwa muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo, na hadi sasa hakuna aliyejenga. Mama wa mihogo ameigeuza bikoni moja kuwa kiti.

Kwa kuwa najua kuandika, tawi limenifanya katibu wa vikao. Ada nalipa. Mwezi uliopita tulijadili sera ya chama kuhusu kuwamilikisha wawekezaji ardhi ya vijiji, ile niliyoitia wino mwekundu. Nilisema yote niliyokuwa nayo, kwa dakika 20, nikataja Azimio, nikataja maji, nikaambiwa na yule kijana kwamba mawazo yangu ni ya redio ya mkulima. Tukapiga kura. Mkono wangu ulikuwa peke yake. Halafu wakanisubiri, maana muhtasari unasomwa kabla ya kufunga kikao, na mwandishi ni mimi. Nikaandika kwamba kikao kiliafiki kwa kauli ya wengi. Mwenyekiti akasema, "Katibu, hapo hujamaliza." Nikamwuliza kakosekana nani. Akasema, "Andika na aliyepinga. Na sababu zake, tuzipeleke wilayani." Nikawaomba wanivumilie, nikafungua ukurasa mpya.